Ukaguzi wa Bwana Stoo

Baba yangu alitunza stoo ya karakana kwa miaka thelathini na minne, na mpaka anastaafu, watu wengi wa mtaani hawakulijua jina lake la kuzaliwa. Walimwita Bwana Stoo. Hata Mama, wakigombana, alimwambia, "Bwana Stoo, hapa si kazini," na wakipatana alimwita vilevile Bwana Stoo, ila kwa sauti nyingine.

Ilikuwa karakana ya magari ya kutengeneza barabara. Stoo yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye mlango mmoja wa chuma na dirisha dogo la kutolea vifaa. Siku za Jumamosi Mama alinituma nimpelekee Baba chakula, nami nilisimama pale dirishani, vidole vimeng'ang'ania ukingo, nikinusa grisi na raba mpya. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya baba. Hadi leo nikipita penye duka la vipuri napunguza mwendo, na wanaonifuata nyuma huniuliza kama nimechoka.

Alikuwa na sheria zake za kupanga. Vizito vilikaa usawa wa kiuno, maana mgongo wa mtu hauuzwi dukani. Vyepesi vilikaa juu. Kinachotumika kila siku kilikaa karibu na mkono, na kinachotumika mara moja kwa mwaka kilikaa kule mwisho, "kikamtafakari Mungu wake," kama alivyosema. Sakafuni hakikuachwa kitu, hata kipande cha waya. Mchana mmoja wa mvua kubwa umeme ulikatika, na ndani ya stoo mkawa kama ndani ya mtungi. Lori lilikuwa limekwama barabarani, fundi mkuu anapiga kelele anataka mkanda wa feni. Watu wakawa wanatafuta tochi. Baba akaingia peke yake, akahesabu rafu kwa mkono, akatoka na mkanda. Fundi mkuu akaupima, akakuta ndio wenyewe. Akasema, "Huyu bwana ana macho kwenye vidole."

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume kabisa, kwa sababu Mama alipenda kuhamisha vitu. Kila baada ya miezi michache tulikuta kitanda kimegeuzwa, kabati limevuka chumba, viti vimeangaliana kama watu wenye kesi. Baba akirudi kazini alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mke wangu, nimeingia nyumba ya nani?"

"Mume ni yuleyule mwaka wa ishirini," Mama alimjibu. "Angalau kitanda kikae upande mwingine."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Ningejua siku zile kwamba kicheko ni akiba, ningecheka polepole.

Mama alitangulia mbele ya haki Baba akiwa na miaka sabini na mitatu. Wiki moja kabla ya kuugua alikuwa amehamisha vitu vya nyumba kwa mara ya mwisho, na Baba hakugusa tena kitu. Kila kilichokuwa mahali kilibaki pale pale alipokiacha Mama.

Kisha macho yake yakaanza kuharibika. Daktari alisema ni presha ya macho, inayokula pembeni kwanza. Baba alibaki anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: uso wako anauona, lakini kikombe kilicho karibu na kiwiko chake hakioni. Alipewa matone ya kutia asubuhi na jioni, na kazi ya matone ilikuwa kulinda kilichobaki, si kurudisha kilichokwenda.

Tulizaliwa wawili tu, Kaka na mimi. Kaka ni mwalimu mkuu wa shule, anaishi mwendo wa saa mbili kwa basi. Mimi nimeolewa mji uleule wa Baba, nusu saa kwa miguu. Kaka aliposikia habari ya macho alikuja siku ileile, akaketi mbele ya Baba magoti yamebanana, kama anavyoketi na wazazi wa mwanafunzi mtoro.

"Baba, twende kwangu. Chumba kipo, wajukuu wapo, na mkweo anakupenda."

"Nami nawapenda wote," Baba akasema. "Ndiyo maana sitaki kuja kupanga nanyi foleni ya choo kila asubuhi."

"Baba, usilete mzaha. Ukianguka humu ndani, nani atajua?"

Baba hakuwa mtu wa kubishana. Akayapangusa magoti yake, akasema, "Stoo yangu ilikaguliwa kila mwaka. Wakaguzi hawakutoa taarifa, walitokea tu mlangoni. Wewe ni mwalimu mkuu, kukagua unajua. Nipe miezi mitatu, halafu uje siku yoyote. Ukikuta upungufu, sanduku nitalifunga mwenyewe na ndani ya basi sitanung'unika."

"Upungufu wa nini, Baba?"

"Wa mimi."

Kaka akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Wakapeana mikono, na mkono wa Baba ulikuwa umeshika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ile miezi mitatu ilikuwa mizuri, nasema kweli mbele ya Mungu. Nilikwenda kwake kila alasiri baada ya kazi zangu, tukafanya kazi kama watoto wanaojenga kibanda. Alichotaka ni stoo, ila safari hii mteja awe yeye mwenyewe. Sufuria zilishuka kutoka juu ya kabati zikaja usawa wa kiuno. Kile kigoda alichokuwa akikipanda ili azifikie akampa fundi viatu, jirani wa ng'ambo ya barabara, akakalie. Ngazi mbili za mlango wa nyuma tulizipaka rangi nyeupe ukingoni, mabaki ya rangi ya lango, ili mguu uone mahali pa kuishia. Birika alilijaza nusu tu. "Nusu mara mbili ni birika zima," alisema, "na mkono haujui umedanganywa."

Bafuni tulimwita fundi bomba, akafunga kipande cha bomba ukutani cha kujishikia. Alipomaliza, Baba alilishika kwa mikono miwili akaning'inia, magoti yamekunjwa.

"Mzee, utaivunja nyumba!" fundi akapiga kelele.

"Bora ivunjike ukiwepo wewe," Baba akamjibu. "Mtu anayeteleza hashiki kwa adabu."

Bomba lilistahimili. Tukaweka na kiti cha plastiki cha kukalia wakati wa kuoga, na kila mguu wa kiti fundi viatu akauvalisha raba ya soli ili usiteleze. Dawa zake za presha ya damu, za asubuhi zilikaa kwenye kopo lililofungwa kamba, za jioni kwenye kopo lisilo na kamba, ili kidole kijue kabla ya jicho. Simu aliivaa shingoni kwa uzi. Nilipomwambia anafanana na mtoto wa chekechea aliyefungiwa ufunguo wa nyumba shingoni, akasema, "Mtoto yule hufika nyumbani au hafiki?"

Habari ya kuanguka asijue mtu aliimaliza na fundi viatu. Kila asubuhi akiamka Baba atatundika kitambaa cha njano dirishani.

"Kisipotoka kabla sijamaliza chai yangu, navunja mlango," fundi viatu akasema.

"Usivunje. Ufunguo wa pili nakupa wewe."

"Aa, Bwana Stoo! Unaniondolea raha yote."

Lakini kilichokuwa kikubwa kuliko vyote hakikuonekana kwa mgeni. Kutoka kitandani mpaka bafuni Baba alikuwa na vituo vyake. Mkono uliondoka ubao wa kitanda ukashika mgongo wa kiti, ukaondoka kwenye kiti ukashika fremu ya mlango, na kwenye ukumbi mwembamba, pale unapokata kona, ulishika meza ya pasi ya Mama, meza ndogo ya mbao nzito iliyomfikia nyongani. Kutoka mezani ni hatua mbili hadi kitasa cha bafu. Hakuachia kituo kimoja kabla ya kukijua kingine. Na njia yote ilikuwa sakafu tupu. Wifi yangu, mke wa Kaka, alikuwa amemletea zulia baada ya msiba, jekundu, nene, lenye vishada pembeni. Baba alilishukuru sana, kisha akalikunja akalisukuma chini ya kitanda. "Zuri mno kukanyagwa," alisema.

Sasa nieleze kosa langu.

Mwezi wa tatu ulikuwa umefika mwisho. Asubuhi moja wifi akanipigia simu, ananong'ona kama aliyejificha kabatini. "Wifi, amepanda basi sasa hivi. Mimi sijakwambia kitu."

Nikaenda mbio kwa Baba. Sikumkuta, ilikuwa siku yake ya kliniki ya macho, na fundi viatu alikuwa amemsindikiza. Ufunguo ninao. Nikaingia, nikafagia, nikafuta vumbi, nikaitazama nyumba kwa macho ya Kaka. Nikaona aibu. Niliiona tupu kama nyumba ya mtu asiye na watoto. Nikafikiri, Kaka ataulizia zulia la mkewe. Akilikuta chini ya kitanda, wifi ataambiwa, na zawadi ya wifi ikikunjwa, undugu nao unakunjwa. Nikalitoa nikalitandaza ukumbini. Likajikunja pale lilipogusana na meza ya pasi, nikaona meza inabana njia. Nikaiburura hadi sebuleni, nikaweka ua la plastiki juu yake. Nikarudi nyuma nikatazama, nikamshukuru Mungu kwamba pamependeza.

Sikuwahi kumwambia Baba. Walikutana langoni, yeye na Kaka, wakaingia pamoja, Baba ana furaha kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi wa haki yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, bwana mkaguzi. Anza popote."

Kaka hakufanya mchezo. Akaomba chai. Baba aliipika, akaimimina na kidole kimoja juu ya ukingo wa kikombe ajue imefika wapi, na halikumwagika tone. Kaka akachanganya makopo ya dawa mezani, akamwambia atoe ya jioni. Baba akatoa. Kaka akaenda nyuma ya nyumba akampigia simu bila kusema. Simu ikalia shingoni, Baba akaipokea, "Stoo hapa, nani mwenzangu?" Nikasikia Kaka anacheka huko nje peke yake. Nilijua tumepita.

"Sasa twende bafuni," Baba akasema. "Ukaone bomba. Fundi amelifunga utadhani la meli."

Akatangulia, harakaharaka, kwa sababu ya fahari. Kiti, fremu ya mlango. Kisha mkono ukaenda pale palipokuwa na meza, ukakuta hewa. Nikauona ukitafuta, ukienda na kurudi. Mguu nao ukaingia chini ya kishada cha zulia. Akaanguka ubavu kwa ubavu na ukuta, miwani ikaruka.

Kaka alikuwa amefika kabla sijafungua mdomo, amemshika makwapani.

"Niache," Baba akasema. "Usinivute. Mtu haokotwi kama gunia."

Akalala pale kidogo, akijikagua kama anayepokea mzigo uliotoka safarini. "Nyonga nzima. Goti zima. Kiwiko kimechubuka." Kisha akageuka ubavu, akajiinua kwa magoti na mikono, akatambaa hadi kwenye kiti, akakiegemea, akatanguliza mguu wenye nguvu, akasimama. Kliniki walimfundisha hivyo. Tuliokuwa tunahema ni sisi.

"Basi, Baba," Kaka akasema taratibu. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

Hakunitazama. Alijua. Mkono wake ulishamwambia kila kitu, na mguu wake ulishalikuta zulia alilolikunja yeye mwenyewe. Nilisubiri aseme. Akasema hivi tu: "Mkaguzi akikuta upungufu haulizi nani kauleta. Stoo ni ya mtunza stoo. Mama, nitolee sanduku langu."

Tangu utotoni ameniita Mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Nikaitikia, "Abee, Baba," na miguu haikwenda. Nilikuwa naona aibu ya kaka yangu na aibu ya wifi, na sikujua nianze na ipi. Nikasema moyoni, Ee Mungu, nipe ujasiri wa neno moja tu, mengine yatafuata.

"Ni mimi, Kaka."

"Wewe nini?"

"Zulia nimetandaza mimi. Meza nimeihamisha mimi, asubuhi hii. Baba hajui. Ile meza ndiyo anayoishika."

"Kwa nini umefanya hivyo, dada?"

"Nilitaka ulione zulia la wifi. Usije ukasema tumelidharau."

Kaka akalitazama lile zulia. Akachutama akakishika kishada kati ya vidole. "Alinunua mawili," akasema. "Jingine liko chumbani kwetu. Limeniangusha mara mbili. Sijathubutu kumwambia."

Nilicheka na machozi yakinitoka. Kaka naye akaanza kucheka, akijizuia, mabega yanatikisika. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi, anapapasa miwani yake.

"Ngojeni," akasema. "Ukaguzi haujaisha."

Akapandisha mguu wa suruali. Muundi ulikuwa na chubuko refu, la kijani na njano, la siku nyingi kidogo.

"Wiki mbili zilizopita. Ngazi ya nyuma, na ndoo imejaa. Ndoo yenyewe niliijaza mimi, hakuna wa kumsingizia. Fundi viatu aliniona, nikamwapisha asiseme." Akashusha suruali. "Miaka thelathini na minne sikuficha hata nati moja. Nimekuja kuanza uzeeni."

Kaka alisimama. Uso ulikuwa umebadilika, nikajua sasa yote yameharibika, na kwamba Baba ameyaharibu kwa mdomo wake mwenyewe wakati alikuwa ameshanusurika.

"Baba, mficha maradhi kilio humuumbua. Na kama ungegonga kichwa?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe," Baba akasema. "Niliogopa utanichukua."

Nje nyundo ya fundi viatu iligonga, ikaacha, ikagonga. Kaka ni mtu mkali, lakini aliketi sakafuni, na suruali yake nzuri ya kazi, akaegemea ukuta pale pale Baba alipoangukia.

"Kumbe nilikuwa nakutisha mpaka unanificha," akasema. "Basi tatizo si ngazi peke yake. Sikia, Baba. Nikukute na machubuko kumi, mradi umeniambia yote kumi. Ukianguka, siku ileile unaripoti. Kwangu, si kwa fundi viatu. Ndoo zilizojaa, hapana. Na fimbo utaitumia."

"Fimbo nje tu. Ndani nina nyumba yangu."

"Nje tu. Sawa."

"Na sanduku?"

"Liache lilipo."

Baba aliinamisha kichwa. Midomo yake ilitikisika, na mimi najua alikuwa anasema nini na Mwenyezi Mungu, ingawa sikusikia.

Tuliirudisha meza, Kaka upande mmoja na mimi upande mwingine, Baba akituongoza. "Kushoto. Kushoto tena. Umezidisha, mwalimu, rudi." Kaka alipodhani tumemaliza, Baba alitembea kutoka kitandani, akanyoosha mkono kwenye kona, akatikisa kichwa. "Bado kidole kimoja." Tukaisogeza kidole kimoja. Kaka akataka kujua kwa nini kidole kimoja kina shida, Baba akamwambia afumbe macho apite mwenyewe. Akapita. Aligonga fremu ya mlango kwa paji la uso, na hakuuliza tena. Zulia alilichukua, akaondoka nalo kwapani hadi kituo cha basi. Alichomwambia mkewe hajatueleza mpaka leo.

Baba aliishi katika nyumba ile miaka sita mingine. Aliripoti mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa ameteleza kwenye tope langoni, fimbo ikiwa mkononi, na akasisitiza iandikwe kwamba fimbo haikusaidia. Mara ya pili alijigonga usiku wa kuamkia siku ya kliniki, si kuanguka hasa, lakini aliripoti. Mara ya tatu Kaka alikuwa kwenye mkutano wa walimu. Alipoona jina la Baba kwenye simu akatoka nje mbio, viti vikianguka nyuma yake.

"Umeanguka wapi, Baba?"

"Sijaanguka popote. Nimekumbuka tu kwamba ni siku nyingi hujanikagua."

Jumamosi ile Kaka alikuja na wifi na watoto wote. Walikaa mpaka basi la mwisho, na Baba aliwapikia chai mwenyewe, birika nusu mara nne.